Rodi za kuchomelea zilizokaa stoo miaka mingi: zipi bado zinafaa?

Boksi la rodi lililosahaulika juu ya kabati huzua ubishi uleule katika kila karakana, iwe ya Gerezani jijini Dar es Salaam au ya Katwe kule Kampala. Mmoja atasema rodi haiozi, chuma ni chuma. Mwingine atasema rodi iliyopita miaka miwili mitatu ni ya kutupa, maana mshono ukiachia lawama zinamwangukia fundi. Kila mmoja ameshika upande wake wa ukweli, ila wote wawili wanabishania miaka, na rodi haiharibiwi na miaka.

Rodi huharibiwa na maji. Iliyofungwa vizuri ndani ya kopo lisilopitisha hewa inaweza kukaa muda mrefu sana na ikawaka kama ya jana. Iliyoachwa wazi wiki chache Tanga au Mombasa wakati wa masika inaweza kuwa imekwisha kabla bei yake haijasahaulika. Madhara ya maji hayo nayo hayafanani. Kuna rodi ambayo ikiharibika inajishtaki yenyewe: inatema cheche hovyo, mwali wa umeme unakatikakatika, mshono unabaki na vitundu, na fundi anaiona mara moja. Kuna nyingine ambayo ikiharibika inaweza kuendelea kuwaka vizuri, slagi, lile gamba linalobaki juu ya mshono, ikabanduka bila shida, mshono ukang'aa, halafu ufa ukaja kesho kutwa wakati mteja ameshaondoka na mali yake. Makala hii naiandika hasa kwa ajili ya hiyo ya pili.

Ganda ndilo linalozeeka

Waya wa ndani wa rodi ya kawaida ni chuma laini tu, chenye kaboni kidogo. Zamani watu walichomelea kwa waya mtupu, na maungio yao yakawa yanavunjika kwa sababu oksijeni na nitrojeni ya hewani iliingia ndani ya chuma kilichoyeyuka. Mswidi Oscar Kjellberg, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mjini Gothenburg mwaka 1904, ndiye aliyepata hataza ya rodi yenye ganda miaka michache baadaye. Ganda likiungua hutoa gesi inayoifukuza hewa, huacha slagi inayofunika mshono wakati unapoa, hutuliza mwali, na mara nyingi huongeza madini fulani kwenye chuma.

Ganda hilo ni mchanganyiko wa unga wa madini uliokandwa kwa gundi ya silikati ya sodiamu au ya potasiamu, ukapakwa juu ya waya na kuokwa kiwandani. Silikati hiyo inavuta unyevu wa hewani kama chumvi ya jikoni inavyolowa siku za mvua. Sehemu ya maji inabaki juujuu na hutoka kwa joto dogo. Sehemu nyingine inajifunga ndani ya madini yenyewe, na hiyo haitoki kwa jua wala kwa kuwekwa karibu na injini ya jenereta. Tofauti hii iwekwe akilini, kwa sababu makosa mengi ya kukausha rodi yanaanzia hapo.

Fundi anapowasha, joto la mwali huyavunja maji hayo yakawa oksijeni na haidrojeni. Chuma kilichoyeyuka humeza haidrojeni nyingi. Kikiganda hakiwezi kuibeba yote. Inayowahi kutoka kwa wingi huacha vitundu. Isiyowahi hubaki ndani ikiwa atomu mojamoja, ndogo kiasi cha kupenya katikati ya chembe za chuma kigumu, na hizo ndizo zinazoleta nyufa.

Soma namba kabla ya kubishana

Ukiokota rodi, tafuta maandishi kwenye ganda karibu na ile ncha iliyo wazi. E6013, E7018, E6011: bila namba hiyo hakuna jibu. Tarakimu mbili za kwanza hutaja nguvu ya mshono, ambapo 60 ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, takribani megapaskali 430, na 70 ni pauni 70,000, takribani megapaskali 490. Ya tatu hutaja mkao wa kazi: 1 ni mikao yote, 2 ni kazi ya kulala na mishono ya kona ya mlalo. Ya mwisho, ikisomwa pamoja na ya tatu, hueleza ganda ni la aina gani na rodi inataka umeme gani. Rodi isiyo na maandishi, iliyotoka kwenye boksi lisilojulikana, naihesabu kuwa haina sifa ya kubeba mzigo wowote, hata kama imekauka vizuri. Huwezi kujua unachomelea kwa kitu gani.

Rodi ya mitaani ni E6013. Grili za madirisha, mageti, vitanda, stendi za matangi madogo, karibu vyote vinashonwa kwa hiyo, geji 12 ambayo ni kama milimita 2.5 au geji 10 ambayo ni kama milimita 3.2. Ganda lake lina rutaili nyingi, yaani madini ya titani, na hata likiwa jipya kabisa lina maji kidogo ndani yake. Halikutengenezwa liwe kavu sana. Kwa hiyo 6013 ya zamani huvumilia mengi. Ikizidiwa na unyevu utaisikia: mlio wake unakuwa wa kupasukapasuka badala ya ule wa kukaanga unaokwenda sawasawa, cheche zinaruka mbali na kugandia pembeni, slagi inang'ang'ania, na mwanzo wa mshono unakuwa na vitundu.

Hapa wengi hukwama. Kama haidrojeni ndiyo adui, na 6013 inatoa haidrojeni nyingi hata ikiwa mpya, mbona mageti ya mji mzima hayapasuki? Kwa sababu ufa wa haidrojeni unataka vitu vitatu vikutane mahali pamoja: haidrojeni yenyewe, chuma kilichokuwa kigumu kwa kupoa haraka, na mvutano mkubwa kwenye ungio. Paipu ya mraba ya milimita 1.5 ni chuma laini chenye kaboni ndogo. Hakigeuki kigumu kikipoa, na wembamba wake hauleti mvutano wa kukipasua. Haidrojeni inatoka taratibu ndani ya siku chache, hakuna kinachotokea. Rodi hiyohiyo ikishika springi ya lori, hesabu inageuka kabisa.

E6010 na E6011 zina tabia ya kinyume, na ni vizuri kuzitaja ili zisiuawe kwa nia njema. Ganda lake ni la selulosi, yaani unga unaotokana na mimea, na linahitaji maji ya asilimia 3 hadi 5 hivi ili mwali upate ule msukumo mkali unaopenya. Ndiyo maana mafundi wa mabomba hupenda kuzitumia kwa mshono wa kwanza wa chini. Ukiziingiza kwenye oveni ya moto umeziharibu: ganda linaungua ndani kwa ndani, mwali unalegea, na hakuna njia ya kuzirudisha. Rodi hizi zihifadhiwe kwenye kopo lake, joto la kawaida, basi.

E7018, rodi inayonyamaza

Ganda la E7018 lina chokaa na kalisiamu floraidi, pamoja na unga wa chuma, na limetengenezwa kwa lengo moja kubwa: kuleta haidrojeni kidogo iwezekanavyo. Kiwango cha Marekani, AWS A5.1, kinairuhusu kuwa na unyevu usiozidi asilimia 0.6 ya uzito wa ganda. Kwenye baadhi ya maboksi utaona H4 au H8 baada ya namba; maana yake haidrojeni inayobaki ndani ya mshono haizidi mililita 4 au 8 kwa kila gramu 100 za chuma cha mshono. Rodi ya selulosi hufika 30 hadi 50 na zaidi. Mtu ananunua 7018 kwa bei kubwa zaidi kwa sababu ya tofauti hiyo tu. Ikishalowa, amelipia jina.

Mtego ni kwamba unyevu unaotosha kuharibu sifa hiyo hautoshi kuharibu muonekano. Rodi inaweza kupita kiwango chake cha unyevu mara mbili na bado ikashona mshono laini usio na kitundu hata kimoja. Fundi mwenye miaka ishirini kazini hatausikia mlio tofauti. Hakuna nyundo wala jicho linaloweza kupima haidrojeni, na sijaona jaribio la karakana linaloweza. Kinachobaki ni kujua historia ya rodi: imefunguliwa lini, imekaa wapi, imeokwa au haijaokwa.

Ufa wenyewe huja kwa kuchelewa. Chuma kikishapoa chini ya nyuzi 150 hivi, haidrojeni inaanza kukusanyika kwenye ile sehemu ngumu kando ya mshono, na inaweza kuchukua saa kadhaa au hata siku mbili kabla haijapasua. Kwa sababu hiyo kiwango cha AWS D1.1, kinachosimamia uchomeleaji wa miundo ya chuma, kinataka mishono ya aina fulani za chuma chenye nguvu kubwa sana isikaguliwe kabla ya saa 48 kupita. Ukikagua jioni ileile ukaona safi, hujakagua kitu.

Dunia ina mfano wa ufa wa namna hii ambao wahandisi bado wanaufundisha. Daraja la King's Bridge mjini Melbourne, Australia, lilifunguliwa Aprili 1961. Asubuhi ya baridi ya tarehe 10 Julai 1962 lori lenye uzito wa tani 45 hivi lilipokuwa juu yake, mihimili ya chuma ilivunjika na sehemu ya daraja ikabonyea. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa kuta za chini ziliishikilia. Uchunguzi ulikuta nyufa zimeanzia kwenye ukingo wa mishono ya mabamba yaliyoongezewa kwenye mihimili, na baadhi yake zilikuwepo kabla gari la kwanza halijapita. Chuma kilikuwa cha nguvu zaidi kuliko kile kilichozoeleka, na kilihitaji uangalifu zaidi kukichomelea. Silitaji kama daraja la rodi za zamani. Nalitaja kwa sababu linaonyesha ufa huu unavyoweza kupita mbele ya macho ya wakaguzi ukakaa ukingoni mwa mshono zaidi ya mwaka, ukisubiri mzigo na baridi.

Kwetu mzigo huo uko barabarani. Springi za lori zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, mara mbili au tatu ya chuma laini. Reli, ambayo karakana nyingi huifanya fuawe, ina zaidi ya hapo. Chesisi za malori ya kisasa hutengenezwa kwa chuma cha nguvu kubwa, na nondo nyingi za ujenzi zina kaboni na manganizi ya kutosha kuzigeuza ngumu zikipoa haraka. Sehemu kama ndoano ya kuvutia trela, mkono wa kunyanyulia mzigo, au kishikio cha springi inachanganya yale mambo matatu yote: chuma kigumu, unene, na mvutano. Kazi hiyo haitaki 6013, na 7018 iliyolala wazi dukani mwezi mzima haina tofauti ya maana na 6013 kwa habari ya haidrojeni. Kibaya zaidi, fundi anaiamini.

Kuitazama rodi kwa macho na masikio

Hata hivyo yapo mambo ambayo jicho linayaona, na yanatosha kukataa rodi bila mjadala. Ishike mwangani uizungushe polepole. Ukiona unga mweupe au manyoya madogo meupe yameota juu ya ganda, hiyo siyo vumbi. Unyevu umeingia, ukakutana na hewa ya ukaa na silikati ya gundi, na kinachoota ni chumvi ya kaboneti. Ganda hilo limebadilika kikemikali. Kulioka hakulirudishi lilivyokuwa, kwa hiyo kwa kazi ya kubeba mzigo mimi naikataa moja kwa moja, iwe 6013 au 7018.

Kisha angalia ncha ya kushikia. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa pale nje si shida kubwa, isugue kwa msasa ili umeme upite. Kutu iliyotambaa chini ya ganda ni jambo lingine. Utaiona kama mstari wa kahawia unaojitokeza kwenye nyufa ndogo za ganda, au kipande cha ganda kikibanduka unakuta waya wa ndani umebadilika rangi. Maji yamefika kwenye waya, na kutu yenyewe ina maji ndani yake. Ganda lililopasuka au lililomeguka upande mmoja nalo huwaka kwa kupinda, upande mtupu ukiyeyuka haraka na ule wenye ganda ukibaki umechomoza, na pale pasipo ganda hewa inaingia kwenye mshono.

Mafundi wa zamani hugonganisha rodi mbili tatu mkononi na kusikiliza. Kavu hulia kwa sauti kali ya chuma. Yenye unyevu hulia kwa sauti nzito iliyofifia. Jaribio hilo ni la kweli na ni zuri kwa 6013. Kwa 7018 linakamata tu ile iliyolowa sana.

Kwa rodi za kawaida kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halidanganyi. Chukua vipande viwili vya bamba la milimita 6, visimamishe kwa umbo la T, shona upande mmoja tu kwa mshono mmoja usiokatika, acha vipoe vyenyewe bila maji. Bana kile cha chini kwenye jiliwa, kisha gonga kile kilichosimama kutoka upande usioshonwa, ukikilaza kuelekea mshono, mpaka mshono uvunjike. Sasa soma uso wa mvunjiko. Ukiwa wa kijivu, wenye chembe zinazofanana, na umeshika mpaka kwenye kona ya ndani, rodi ina afya. Ukiwa na vitundu vya mviringo au mifereji mirefu iliyosimama kutoka kwenye kona, boksi hilo lina maji. Nusu saa ya kazi na vipande viwili vya chakavu vinamaliza ubishi wa siku nzima.

Kukausha

Kwa 6013 iliyopata unyevu, joto la nyuzi 100 hadi 150 kwa muda usiozidi saa moja hutosha, na namba kamili imeandikwa kwenye boksi au karatasi ya mtengenezaji. Kuzianika juani siku ya kiangazi husaidia kuondoa unyevu wa juu, na kwa kazi ya grili sioni ubaya wake.

Kwa 7018 mambo ni mazito. AWS D1.1 inataka rodi za aina hii ziokwe kati ya nyuzi 260 na 430 kwa angalau saa mbili, na watengenezaji wengi hutaja namba zilizo karibu na nyuzi 350. Zikitoka hapo zihifadhiwe kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi na kuendelea, na fundi huchukua chache chache kwa kazi ya muda mfupi. Kiwango hichohicho kinazipa rodi za kundi la E70 saa 4 tu za kukaa nje, isipokuwa zile zilizotengenezwa maalumu kuvumilia unyevu. Kinaruhusu kuokwa upya mara moja, si zaidi, kwa sababu kila mzunguko wa moto unalidhoofisha ganda. Rodi iliyolowa maji yenyewe, kwa mvua au kwa stoo kuvuja, haiokwi tena, haitumiki.

Oveni ya jikoni kwa kawaida inaishia nyuzi 250 hivi, kwa hiyo haifiki hata mlangoni, na si busara kuchanganya madini ya floraidi na mahali pa kuokea mkate. Jiko la mkaa ni baya zaidi. Upande mmoja wa rodi unapata nyuzi 500, mwingine 100, ganda linapasuka kwa mshituko wa joto, na hakuna anayejua rodi ipi ilipata nini. Wapo pia wanaoibandika rodi kwenye chuma na kuiacha umeme upite mpaka iwe nyekundu. Hapo waya wa ndani unapata moto kabla ya ganda, ganda linaachia, na unachobaki nacho ni waya wenye unga ulioshikilia kwa bahati. Mbinu hiyo naomba iachwe kabisa.

Friji bovu lililofungwa balbu ya zamani ya kuchemka, ile ya wati 60 au 100, ni kifaa kizuri sana cha kuhifadhia, mradi balbu isiwe ya LED kwa kuwa hiyo haitoi joto la kutosha. Ndani panakuwa na joto kidogo kuliko nje na unyevu unapungua. Linafaa kwa 6013 na rodi za chuma cha pua. Kwa 7018 linapunguza kasi ya kuharibika, lakini haliikaushi na halichukui nafasi ya oveni.

Duka kabla ya stoo

ESAB hushauri kwamba stoo yenye joto la zaidi ya nyuzi 25 isiwe na unyevu wa hewa unaozidi asilimia 40. Soma hilo ukiwa Dar es Salaam, Unguja au Lamu, ambako asubuhi nyingi unyevu unapita asilimia 80. Maana yake ni kwamba pwani hakuna stoo ya kawaida inayofaa kwa rodi iliyo wazi. Wanaokaa Arusha au Nakuru wana nafuu, si kinga.

Ukitazama hivyo unaona kwa nini tarehe kwenye boksi inaeleza kidogo. Katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi pakiti huchanwa asubuhi, rodi zinasimamishwa kwenye kopo la rangi pembeni ya mlango, zinauzwa moja moja mpaka ziishe. Kwa 6013 ya kuunga mguu wa kiti haina neno. Kwa 7018 hiyo ni kuiua mbele ya mnunuzi. Rodi ya mwaka huu iliyosimama kwenye kopo lile wiki tatu ni kuukuu kuliko ya miaka kumi iliyo ndani ya kopo la bati ambalo halijawahi kufunguliwa. Hata 7018 mpya iliyokuja kwenye boksi la karatasi lililozungushiwa nailoni haihesabiki kuwa imefungwa; nailoni ile hupitisha unyevu taratibu, na watengenezaji hutaka iokwe kwanza. Zilizofungwa kwa karatasi ya alumini iliyofyonzwa hewa, au kwenye kopo la bati lililozibwa, ndizo zinazoweza kutumika mara tu zinapofunguliwa. Ukikuta mfuko wa alumini umelegea na kujaa hewa, jua una tundu.

Rodi za bei kubwa ndizo watu huzitunza miaka mingi zaidi, kwa hiyo neno fupi juu yake. Za chuma cha pua kama E308L zikilowa huleta vitundu, lakini mshono wake wenyewe haupasuki kwa haidrojeni kirahisi, na huokeka vizuri kwa kufuata karatasi yake. Za nikeli kwa ajili ya chuma cha kutupwa, zile za kuungia bloku ya injini iliyopasuka, zikague kwa macho, zikaushe, kisha zijaribu kwenye chakavu kabla hujagusa mali ya mtu. Hasara ya rodi tano za kujaribia ni ndogo kuliko bloku.

Usalama wa fundi mwenyewe pia umo ndani ya swali hili. Ganda lililolowa linaweza kupitisha umeme. Mashine nyingi hukaa kwenye volti 60 hadi 80 kabla mwali haujawaka, na fundi anayebadilisha rodi yenye unyevu kwa glavu iliyolowa jasho, amepiga goti juu ya bamba la chuma, amejiunga mwenyewe kwenye mzunguko. Moshi nao haupungui kwa sababu rodi ni ya zamani. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani, kwa hiyo fungua mlango na ukae upande unakotoka upepo. Ukikuta rodi za miongo mingi iliyopita, hasa zenye ganda la nyuzi nyuzi kama uzi uliozungushwa, usizivunje wala kuzisugua. Kulikuwa na rodi zilizotengenezwa kwa asbesto ya bluu mwanzoni mwa karne ya 20, na asbesto iliendelea kutumika kwenye baadhi ya maganda kwa muda mrefu baadaye. Zifunge kwenye mfuko mzito na uzitoe mikononi mwa vijana wa karakana.

Zilizobaki zitenge mafungu mawili. Zenye unga mweupe, kutu chini ya ganda au ganda lililopasuka ziende kwa chakavu. Rodi za 7018 zilizokauka kwa macho lakini historia yake haijulikani weka kwenye kopo la peke yake, liandike kwa rangi KAZI NDOGO, na zitumike kufunzia mwanafunzi kushona wima au kutengeneza stendi ya kuwekea grenda. Siku ikija ndoano ya trela, nunua kopo jipya la bati, libandue muhuri wewe mwenyewe, andika tarehe na saa juu yake, na umwambie mteja kwamba gharama ya kopo hilo iko ndani ya bei.